Jinsi ya kutengeneza albamu ya deth metali na jazi mkiwa Kampala

Watu wengi wakisikia kwamba deth metali imechanganywa na jazi, wanachofikiria ni bendi inayonguruma dakika tatu, kisha anatokea mtu wa saksafoni anapuliza kidogo, kisha ngurumo zinarudi palepale zilipoachwa. Hapo hakuna kilichochanganyika. Mmoja amemsubiri mwenzake amalize.

Albamu zilizofaulu katika kazi hii zilichanganya chini, kwenye dramu na besi, kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Na hapo ndipo sisi tulioko Uganda tuna mtaji ambao vijana wa Florida hawakuwa nao walipoanza jambo hili miaka ya 1990: tumekua tukisikia baakisimba, ngoma ya Waganda, kwenye harusi na sherehe, na tumesikia amadinda, marimba yao. Mwongozo huu ni wa bendi ya watu wanne hadi sita yenye dramu, besi, gitaa moja au mawili, saksafoni na mtu wa kunguruma, yaani mwimbaji wa sauti nzito ya deth metali. Ikiwa hamjapata wa saksafoni, anzeni tu. Huyo anaweza kuja baadaye.

Hatua ya 1: Sikilizeni albamu tatu, kwa kazi

Kaeni pamoja, simu pembeni, mtumie spika zinazotoa besi ya kweli. Albamu ya kwanza ni *Human* ya Death, ya mwaka 1991. Chuck Schuldiner, kiongozi wa Death, aliwachukua vijana wawili wa bendi ya Cynic, Paul Masvidal wa gitaa na Sean Reinert wa dramu, na mpigo wa deth metali ukabadilika. Ya pili ni *Unquestionable Presence* ya Atheist, ya mwaka huohuo. Mpiga besi wao Roger Patterson alikufa katika ajali ya barabarani mapema mwaka 1991, baada ya kushiriki kutunga nyimbo hizo, na Tony Choy ndiye aliyezirekodi. Ya tatu ni *Focus* ya Cynic yenyewe, ya mwaka 1993. Zote tatu zilirekodiwa Morrisound, studio ya Tampa, Florida, na Scott Burns alikuwepo kwenye meza ya sauti kwa kila moja.

Kila albamu isikilizwe zaidi ya mara moja, na kila mara kwa sikio tofauti. Mara ya kwanza fuateni matoazi peke yake. Kwa Reinert mtasikia mkono wa kulia unazungumza kama mpiga jazi huku miguu ikikimbia kimetali. Mara ya pili fuateni besi. Kwenye Atheist besi haijifichi nyuma ya gitaa. Inabishana nalo, inalitangulia, wakati mwingine inaliacha lifuate. Mara ya tatu, ndipo msikilize gitaa na sauti.

Albamu ya Atheist ina dakika kama 32 tu. Likumbukeni hilo mtakapopanga yenu, maana muziki wenye mambo mengi hivi humchosha msikilizaji upesi, na hakuna sababu ya kumlazimisha akae saa nzima.

Kisha rudini nyumbani. Sikilizeni albamu ya Duma ya mwaka 2020, wawili kutoka Kenya waliotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya hapa Kampala. Haina jazi, lakini inaonyesha muziki mkali wa Afrika Mashariki unaweza kusikika vipi bila kuiga Wamarekani. Sikilizeni pia *Kaloli* ya Nihiloxica, ya mwaka huohuo, ambako ngoma za Buganda zinabeba uzito ambao metali huupa gitaa.

Hatua ya 2: Tafuteni watu mahali walipo

Mpiga jazi mzuri wa Kampala humpati kwenye kundi la wapenzi wa metali. Yuko kanisani Jumapili asubuhi, na Ijumaa usiku yuko hotelini anapigia wageni chakula. Besi na dramu za kanisani ni shule kubwa katika nchi hii: wanajua kusikiliza, wanajua kubadilisha kodi (noti zinazopigwa pamoja) katikati ya wimbo kwa ishara ya kichwa tu. Saksafoni nayo si kitu kigeni hapa. Moses Matovu amekuwa akiipuliza na Afrigo Band tangu 1975, na Isaiah Katumwa ameifanya ijulikane hadi kwa watu wasiojua jina lingine lolote la jazi.

Jambo moja lisemwe mapema na kwa heshima. Ukimwita mtu wa kanisani, atakuuliza mashairi yenu yanasema nini. Mwonyeshe karatasi yenye maneno yote. Mwambie, "Kaka, haya ndiyo tutakayoimba, yasome kwanza, na kama kuna wimbo ambao moyo wako unaukataa, huo hutapiga." Nimeona heshima ya namna hiyo ikileta wapigaji ambao pesa isingewaleta. Na nauli ya boda wapeni, hata kama ni mazoezi tu. Mtu aliyebeba saksafoni kutoka Makindye hadi Ntinda usiku hapaswi kujilipia.

Hatua ya 3: Jengeni kila kitu juu ya mapigo 12

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote. Mkiwa na wiki moja tu ya kazi, itumieni hapa.

Deth metali inategemea blasti, yaani kiki (ngoma kubwa ya mguu) na sneya (ngoma ndogo yenye mlio mkali) zikipokezana kwa kasi, moja moja, bila kupumzika. Hiyo ni hesabu ya mbili. Jazi inayobembea, ile ya raidi (toazi kubwa la mkono wa kulia), inakwenda kwa hesabu ya tatu ndani ya kila pigo. Bendi nyingi zinashindwa kupita kutoka moja kwenda nyingine, kwa hiyo zinasimama, kimya kidogo, kisha zinaanza upya. Ndiyo maana wimbo unasikika umekatwa na kuunganishwa.

Chukueni mzunguko wa mapigo madogo 12, sawasawa, bila moja kupita jingine. Kumi na mbili inagawika kwa tatu na inagawika kwa mbili. Baakisimba inakaa humohumo, ndiyo maana mtu wa hapa anaucheza mzunguko huo bila kuhesabu.

Mpiga dramu aanze na jazi. Raidi ipigwe kwenye 1, 4, 6, 7, 10 na 12. Hayihati, yale matoazi mawili ya kanyagio, ifungwe kwa mguu kwenye 4 na 10. Apige polepole hadi mwili ukubali, kisha mwenzake mmoja apige makofi kwenye 1, 4, 7 na 10.

Sasa, bila kubadilisha kasi ya mapigo madogo, kiki iingie kwenye 1, 3, 5, 7, 9 na 11, na sneya kwenye 2, 4, 6, 8, 10 na 12. Hiyo ni blasti. Halafu angalieni mkono wa kulia: ile raidi ya jazi haina haja ya kuacha. Pigo la 1 na la 7 linaangukia kwenye kiki. La 4, la 6, la 10 na la 12 yote yanaangukia kwenye sneya. Hakuna hata moja linaloning'inia hewani. Mpigaji anaweza kubembea kwa mkono wa kulia huku mkono wa kushoto na mguu wake vinapiga blasti, na msikilizaji anapata vyote viwili kwa wakati mmoja, ndani ya mzunguko mmoja. Hapo ndipo muziki umechanganyika kweli.

Kwa metronomu, hesabu ni hii. Mapigo madogo 600 kwa dakika yanatoa jazi ya 200 mkihesabu kwa tatu, na blasti ya 150 mkihesabu kwa nne. Mkiongeza hadi 720, jazi inakuwa 240 na blasti 180. Anzeni na 360, ambapo jazi ni 120 na blasti ni 90. Itawaboa. Vumilieni, kwa sababu mkono usiojua kubembea polepole hautajifunza kwa kasi.

Mkipata nafasi, mualikeni mpiga engalabi akae na mpiga dramu mchana mmoja. Ile ngoma ndefu yenye ngozi ya kenge inajibu embuutu, ile ngoma kubwa, kwa maneno mafupi makali, na mpiga dramu akijifunza majibu hayo kwenye sneya na tomu, atakuwa na msamiati ambao hakuna video ya mtandaoni itakayompa.

Hatua ya 4: Gitaa na besi zigawane rifu moja

Kwenye amadinda, marimba ya Buganda yenye vipande 12 vya mti vinavyolazwa juu ya migomba, watu wawili hukaa wakitazamana. Mmoja anapiga wimbo wake kwa mwendo ulio sawa. Mwingine anaingiza wimbo wake katikati ya kila pigo la mwenzake. Hakuna anayekimbia sana, lakini kinachosikika ni mwendo wa kasi mara mbili, na ndani yake zinachomoza nyimbo ambazo hakuna mmoja wao anayezipiga. Mtu wa tatu huzisikiliza na kuzirudia kwenye vipande viwili vya juu.

Fanyeni vilevile kwa rifu yenu, yaani kifungu kifupi cha noti kinachorudiwa. Gitaa lishushwe hadi uzi wa chini uwe D, takriban hezi 73. Besi nayo ipande hadi kwenye uzi wake wa D, ambao ni noti ileile. Gitaa lipige mapigo yasiyogawika kwa mbili: D, F, D, A, G, F. Besi ipige yanayogawika: D, C, D, E, C, D. Kila mmoja ajizoeze peke yake hadi asiyumbe, kisha muunganishe. Kitakachotoka ni D D F C D D A E G C F D, na baada ya mizunguko michache sikio litaanza kuziokota F, A, G na F za juu kama wimbo unaojitegemea. Huo wimbo uliochomoza mpeni mpuliza saksafoni aurudie. Amekuwa mtu wa tatu wa amadinda.

Ugumu uko kwa mpiga besi, kwa sababu anaingia baada ya kila pigo na mwili wake utataka kuhamia kwenye mapigo ya mwenzake. Asiangalie mguu wa mpiga gitaa. Ajitengenezee moyoni kwamba pigo lake ndilo la kwanza na mwenzake ndiye anayefuata. Mpiga dramu kwa sasa apige sneya tu, pamoja na besi, hadi atulie.

Mtashawishika kuweka amadinda yenyewe kwenye albamu. Inawezekana, lakini fikirini kwanza. Inagawa okteva katika hatua tano zinazokaribiana ukubwa, wakati gitaa linaigawa katika 12, kwa hiyo noti nyingi hazitakutana. Ikiwekwa juu ya gitaa lenye distoshoni (ule mkwaruzo wa makusudi wa sauti), itasikika mbovu, na si mbovu. Mimi ningeipa sehemu yake, ikiwa na dramu tu, au na besi isiyo na vigawanyo shingoni, ambayo kidole kinaweza kuifuata inakotaka. Wanaotaka kuisikia kwa karibu waende Ndere Cultural Centre, Ntinda, siku ya maonyesho. Ngoma zenyewe zikihitajika, Mpambire kwenye barabara ya Masaka ndiko kwa mafundi.

Hatua ya 5: Kodi za jazi zipungue uchafu

Kodi ya jazi ni noti nne au tano zinazopigwa pamoja. Gitaa la metali lina distoshoni nyingi, na distoshoni huzaa noti mpya kutoka kwa kila jozi ya noti inayopita ndani yake. Noti mbili zinatoa ukali mtamu. Noti tano zinatoa uji.

Kwa hiyo punguzeni distoshoni hadi nusu ya mliyoizoea. Mkono ukiwa mzito, gitaa litabaki zito. Acheni noti ya tano ya kodi, yaani ya tano kwenye skeli mkihesabu kutoka noti inayoipa kodi jina, haisemi mengi. Mkiwa na magitaa mawili, gawaneni: moja lipige noti mbili za chini, jingine mbili za juu, kila moja kwenye amplifaya yake. Distoshoni mbili tofauti haziingiliani, na kodi nzima inasikika.

Saksafoni ya alto inaanzia karibu hezi 139 na noti zake za kawaida hupanda hadi kama 830, yaani katikati kabisa ya eneo la gitaa. Zikipiga pamoja kwa nguvu, saksafoni ndiyo itakayozama. Sheria yangu ni kwamba saksafoni ikiingia, gitaa moja linatoka au linashuka chini, bila majadiliano. Na saksafoni isingoje solo. Ipige rifu pamoja na besi, ipige noti ndefu moja chini ya ngurumo, ikoroge. Solo iwe moja au mbili kwa albamu nzima.

Hatua ya 6: Kunguruma bila kuumiza koo

Ngurumo nzuri haitoki kwenye koo lililokazwa. Inatokana na zile mikunjo zilizo juu ya nyuzi za sauti, zikitikiswa na hewa inayosukumwa kutoka tumboni. Anza kwa kupumua kwa tumbo, toa pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo, na ongeza sauti kidogo kidogo juu ya pumzi hiyo. Ikiuma au ikiwasha, acha siku hiyo. Maji ya kawaida yakae karibu. Dakika 15 kwa siku zinatosha mwanzoni, na maiki ifanye kazi ya ukubwa. Wewe usishindane na dramu.

Imbeni Kiswahili. Silabi zetu zinaishia kwa irabu, na irabu ndiyo inayoruhusu ngurumo kuvutwa. Weka a na o kwenye noti ndefu, na silabi zenye k na t kwenye mapigo ya haraka, na maneno yatasikika hata kwa mtu asiyezoea.

Hatua ya 7: Mahali pa mazoezi

Kabla ya dramu kuingia, nendeni kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, mjitambulishe. Mwambieni siku na saa, na saa hizo zishikeni. Mchana ni salama kuliko jioni. Magodoro ya zamani na mazulia ukutani yanapunguza mwangwi ndani, lakini hayazuii besi kutoka nje, kwa hiyo msimdanganye jirani kwamba hatasikia.

Hatua ya 8: Rekodini dramu kama jazi

Ingieni studio mkiwa na nyimbo nne mnazozijua hadi usingizini. Dramu na besi zirekodiwe pamoja, wapigaji wakionana uso kwa uso, maana hao wawili ndio albamu. Magitaa yanaweza kufuata siku nyingine.

Maiki nne zinatosha: moja kwenye kiki, moja kwenye sneya, mbili juu. Pimeni kwa kamba umbali wa kila maiki ya juu hadi katikati ya sneya, ulingane. Muda mwingi utumieni kuzipata hizo mbili, kwa sababu raidi yote inaishi humo. Rekodini kwa biti 24, na acheni nafasi, vilele visipite desibeli 10 chini ya sifuri.

Fundi wengi wa studio za mjini wamezoea nyimbo ambazo kila pigo linavutwa kwenye mstari. Mwambieni mapema, kwa upole, kwamba dramu hizi hazisogezwi. Pigo lililochelewa kidogo kwenye raidi ndilo linalobembea. Ukilinyoosha, umeifuta jazi yote kwa kubofya mara moja. Kiki peke yake mnaweza kuiongezea sampuli, ili ipenye kwenye sehemu za kasi, lakini sneya iacheni ilivyo, na zile noti zake ndogo za chini chini zisikike.

Gitaa lirekodiwe mara mbili kwa pamoja: sauti ya amplifaya, na sauti kavu moja kwa moja kutoka kwenye waya. Hiyo kavu itawaokoa mkigundua baadaye kwamba distoshoni ilizidi. Kompyuta iwe kwenye betri ya akiba, na hifadhini kila baada ya wimbo kwenye diski mbili. Umeme ukikatika katikati ya blasti nzuri, haurudishi kilichopotea.

Hatua ya 9: Miksi

Anzeni na besi na raidi peke yake, vingine vyote vikiwa vimezimwa. Zikishasikika kama wimbo uliokamilika, ongezeni kiki, kisha sneya, kisha gitaa. Katika metali ya kawaida gitaa ndilo linaloanza, na ndiyo sababu besi haisikiki.

Kateni gitaa chini ya hezi 100 ili besi ipate nafasi. Msibane sauti hadi yote iwe sawa. Sehemu ya jazi inatakiwa kuwa chini kuliko blasti, la sivyo blasti haina pa kuruka kutoka. Huduma kubwa za muziki mtandaoni, Spotify mojawapo, hushusha zenyewe nyimbo zilizozidi kiwango cha karibu LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) 14 chini ya sifuri, kwa hiyo kukazana kupita hapo ni kujinyima pumzi bure. Jaribuni miksi kwenye simu, kwenye teksi ya abiria, na kwenye spika za baa mchana isipokuwa na watu.

Hatua ya 10: Sajilini, kisha toeni

Andikeni karatasi inayosema nani ametunga nini, pamoja na wa saksafoni na mpiga engalabi, kila mtu atie sahihi kabla wimbo haujatoka. Kazi za muziki zinalindwa na sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006, na usajili unafanywa URSB, ofisi ya serikali ya usajili. Mirabaha ya nyimbo kupigwa hadharani inakusanywa na UPRS, chama cha wenye haki za muziki, jiungeni.

Toeni nyimbo nne kwanza, dakika 20 hivi. Kwenye Bandcamp mnabaki na sehemu kubwa ya mauzo, kwani inakata asilimia 15 kwa muziki wa kidijitali, na wapenzi wa metali duniani hununua huko kwa moyo. Kwa onyesho la kwanza, tafuteni ukumbi wa jazi badala ya wa roki: spika zake zimepangwa ili besi na raidi zisikike, na watu wake wamezoea kukaa kimya mpigaji anapofikiri. Mpangilio jukwaani uwe dramu katikati mbele, besi pembeni yake kabisa, gitaa nyuma yao.